Safari Tatu za Kibombo

Bwana Nisimu,

Jana mchana nililala. Nilikula bukari na sombe, nikajinyoosha mkekani, na nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshaondoka uani na mke wangu amenisimamia akidhani naumwa. Siumwi. Ni kwamba kwa miaka minne sikuweza kulala mchana. Kila nikifumba macho namwona Amisi amesimama katikati ya kiwanja cha kiwanda chetu cha sabuni, na buku lake la kazi liko chini miguuni pake. Jana sikumwona.

Amisi amekuja Kindu, Bwana. Amekuja kwa treni, yeye na mke wake, na amefika kaburini kwako. Nitakueleza yote. Lakini niache nianzie mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu sijawahi kuyaandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Usinicheke kwa kukuandikia. Siku moja nilikukuta ofisini unamwandikia dada yako, yule ambaye vita ilimchukua pamoja na Wayahudi wote wa kisiwa chenu. Nilikuuliza barua itapitia wapi. Ulisema, "Haiendi popote, Sumaili. Lakini nikimaliza kuiandika naweza kula." Basi na mimi nataka kula.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Ramadhani. Kila nyumba ya siti, mtaa wetu sisi watu weusi, ilikuwa inatafuta sabuni ya kufulia nguo za Idi, na rafu za magazini, duka lako, zilikuwa tupu. Ulikuja kiwandani nyuma ya magazini, ukatuangalia sisi watu kumi na wawili na mapipa yetu ya mawese, ukaniambia, "Sumaili, nataka sabuni kabla ya Idi." Nikajibu ndiyo. Nilikuwa kapita mpya, msimamizi wa siku chache, na kapita mpya neno la hapana hajalijua bado. Sabuni iliyokuwa kwenye chanja ilikuwa na siku sita tu. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kuipumzisha mwezi mzima, mpaka ukali wa ile soda ya kupikia sabuni uishe.

Amisi ndiye aliyekuwa mchanganyaji wetu. Alikata kipande, akakigusa kwa ncha ya ulimi kama alivyofanya siku zote, akatema. Akaniambia, "Kapita, iko inauma bado. Tuiache."

Nikamwambia, "Funga."

Akaifunga ipelekwe magazini. Angefanya nini?

Siku ya Idi wanawake hawakuvaa nguo mpya kwa furaha. Walikuja magazini wamenyoosha viganja, ngozi imechubuka, wengine vidole vinatoa maji. Mama Zainabu, yule anayekaanga mikate ya mchele karibu na soko, hakuweza kukanda unga muda mrefu baada ya hapo. Uliona viganja vile na uso wako ukawa mweupe kuliko ulivyokuwa. Ukanigeukia ukaniuliza ni kazi ya nani. Nikasema, "Amisi alizidisha soda."

Maneno matatu. Niliyasema bila hata kufikiri, kama mtu anayetoa mkono wake kwenye moto.

Hukuuliza mara ya pili, Bwana. Ulituita wote kiwanjani, ukamwita mzembe na mwuaji mbele yetu, ukaandika katika buku lake kwamba ni mtu wa hatari asipewe kazi, ukalitupa chini. Amisi aliinama akaliokota, akapangusa vumbi. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Kapita njo anajua," kwamba mimi ndiye ninayejua, akatoka. Asiye na kazi hakuruhusiwa kukaa siti. Wiki haikuisha, yeye na Feza mke wake na mtoto wao mchanga walipanda treni kwenda Kibombo, kulima mpunga kwa wajomba zake.

Nilibaki kapita. Nilikuwa nasali swala zangu tano, naomba toba kwa Mungu kila siku, na kila siku nainuka mzito kama nilivyoinama.

Sasa nifike kwenye siku ile. Unakumbuka desturi yako ambayo wazungu wenzako waliicheka: kila mwaka, kabla ya ile siku yenu kubwa ya kufunga, ulipita kiwandani kwa mtu mmoja mmoja, kofia mkononi, ukasema, "Kama nimekukosea mwaka huu, nisamehe." Mara ya kwanza tulidhani unaondoka nchini. Mzungu kumwomba radhi mtu anayekoroga mafuta, nani aliwahi kusikia? Tulizoea, tukawa tunajibu haraka, "Hakuna kitu, Bwana," ili uende kwa mwingine. Mwaka ule ulifika kwangu ukasema maneno yale yale, na mimi nikashindwa kujibu. Ukangoja. Kisha nikakwambia: sabuni ilikuwa na siku sita, Amisi alinikataza, mimi ndiye niliyesema funga.

Ulikaa juu ya pipa tupu. Nilingoja unifukuze, na kweli nilitaka unifukuze, ingekuwa rahisi. Mapovu ya pipa la jirani yakaanza kumwagika na mtu akaja kupunguza moto. Halafu ukasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Mimi ndiye niliyetaka sabuni kabla ya Idi. Na mimi ndiye niliyeandika bila kuuliza."

Ukanieleza kwamba kwa lugha ya wazee wenu toba inaitwa kurudi. Mtu ametoka njiani, sasa anarudi, na harudi kwa kufika nyumbani kwa Mungu moja kwa moja, anapita kwanza pale alipokosea. Ulisema, "Siku yetu ya kufunga Mungu atanisamehe mambo niliyomkosea yeye. Ya Amisi hana ruhusa ya kuyagusa. Ya Amisi ni ya Amisi." Nikakwambia mwalimu wetu wa chuo alitufundisha hivyo hivyo, kwamba haki ya mja haifutwi mpaka mja mwenyewe asamehe. Ulitikisa kichwa ukasema, "Basi wote wawili tulijua."

Kesho yake ulituita kiwanjani, pale pale, watu wale wale. Ulisema kosa lako kwa sauti. Ulisema mkubwa akikosea kwa siri anaweza kurudi kwa siri, lakini akimwaibisha mtu hadharani lazima arudi hadharani. Kisha ukanitazama. Nikasema langu. Nilishika chanja mpaka nikamaliza. Hakuna aliyecheka. Mzungu wa magazini ya jirani alikuja jioni kukuonya kwamba unaharibu heshima, kwamba watu weusi wakijua bwana anakosea hawatamtii tena. Nilikusikia ukimjibu, "Walijua siku nyingi. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kwamba wanajua."

Kumbe kilichotokea kikawa kinyume. Wiki hiyo hiyo mtu mmoja alikuja kuniambia amepasua kalibu ya mbao na kuificha. Mwingine akasema moto wake ulizima na mafuta yamepoa vibaya, tuyachemshe upya kabla hayajamwagwa kwenye kalibu. Makosa yalianza kuja kwetu yakiwa madogo. Zamani yalikuwa yanatufikia yamekua.

Ukasema twende Kibombo. Ukasema sheria yenu inataka mkosaji aende na wenzake watatu, na akikataliwa arudi tena, mpaka mara tatu. Tukapanda treni, wewe na mimi na wenzetu watatu wa kiwandani. Wewe ulikuwa na behewa lako la wazungu, nawe ukakaa na sisi kwenye mbao mpaka mtu wa tiketi akachanganyikiwa asijue akuambie nini.

Safari ile ya kwanza Amisi hakutoka. Tulimwona kwa macho yetu ndani ya mpunga, mgongo umetuelekea. Alimtuma Feza aje aseme kwamba mume wake ameenda shamba la mbali. Feza alisema hivyo, na mume wake yuko pale nyuma yake ndani ya mpunga. Kisha akatuletea maji. Nilikunywa maji yake sikumtazama usoni.

Safari ya pili alitoka. Alisimama mlangoni hakutukaribisha. Ulipomaliza kusema alijibu, "Kunitukana mulinitukana mbele ya watu. Kuniomba munakuja kuniomba huku porini. Nani anasikia?" Wenzetu watatu wakamwambia yamesemwa kiwanjani, wao ni mashahidi. Ukamwomba buku lake. Nilidhani amelichoma, lakini alilitoa ndani ya kitambaa, limekunjwa vizuri. Chini ya maandishi yako ya zamani ukaandika kwamba hayo ya juu ni uongo wako na si kosa lake, ukatia sahihi, ukamrudishia kwa mikono miwili. Alilipokea, hakulisoma, akaingia ndani.

Tulipokuwa tunarudi stesheni uliegemea bega langu. Nilidhani ni huzuni. Kumbe homa ilikuwa imeshaanza.

Siku zako za hospitali sitaandika sana. Uliniambia, "Ya tatu ni yako." Nikakuuliza, akikataa je? Ukasema, "Hapo sheria itakuacha uende zako. Lakini wewe ni kapita. Urudi tena." Ulitaka kucheka, kikohozi kikakukataza. Siku mbili baadaye tulikuzika ukingoni mwa makaburi ya wazungu, na kwa kuwa hapakuwa na watu wa dini yako wa kutosha Kindu nzima, sisi tulisimama tu, kila mtu na dua yake. Nisamehe kama tulikosea utaratibu.

Mpwa wako, Bwana Moizi, alikuja kutoka Elizabetivili. Ni kijana mwema, ila ana haraka. Alichukua magazini, kiwanda akaniachia mimi nikiongoze. Kwa hiyo pipa lile ulilokalia sasa nalikalia mimi, na sikujua mpaka nilipolikalia jinsi ulivyokuwa peke yako.

Na sikiliza kilichotokea, Bwana. Ramadhani ya mwaka huu mvua zilichelewesha mawese kutoka Kailo, feri ilikwama ng'ambo siku nyingi. Tulipika kwa kuchelewa. Siku tatu kabla ya Idi rafu zilikuwa tupu, wanawake wanasukumana mlangoni, na kwenye chanja kuna sabuni ya siku tisa. Bwana Moizi alikuja kiwandani akaniambia maneno yako yale yale, kana kwamba yalikuwa yanangoja ukutani: "Nataka sabuni kabla ya Idi."

Nilikata kipande, nikakiweka kwenye ulimi. Kiliuma kama upupu.

Nikamwambia, "Hapana, Bwana."

Akaniuliza kama ninajua magazini itakaa tupu wiki nzima ya Idi na watu watakwenda kwa jirani. Nikamwambia najua. Akaniuliza ni nani amechelewesha kazi, anataka jina. Watu wote walikuwa wameacha kukoroga. Kulikuwa na jina moja jepesi, mzee Kitenge anayekwenda kupokea mawese ferini, ambaye kila mtu anajua anapenda pombe ya mpunga. Jina lilinifika mpaka kwenye meno. Nikasema, "Aliyechelewesha ni mimi. Niliona mvua, ningeagiza mapema." Na ilikuwa kweli. Bwana Moizi alinitazama sana, akageuka akaenda kufunga milango ya magazini kwa hasira. Baada ya Idi alirudi akaketi karibu nami. Akaniambia mjomba wake alizoea kusema kwamba mtu hajarudi kweli mpaka amesimama mahali pale pale, kwa jambo lile lile, na safari hii asilitende. Nikamwambia najua, nimetoka huko sasa hivi.

Ndipo nilipopata nguvu ya kwenda Kibombo mara ya tatu. Sikuwa na nguvu hiyo kabla, nakwambia ukweli. Niliogopa kwenda kuomba msamaha wa jambo ambalo labda ningelifanya tena.

Nilikwenda na wenzetu wale watatu. Amisi alikuwa uani anashona kikapu. Alituona, akaangalia nyuma yetu, akaangalia tena.

"Muzungu iko wapi?"

Tukamwambia.

Aliweka kikapu chini. Akavuta uzi wake, akauachia. Kisha akasema, "Nilimusamehe ile siku ya pili. Alipokuwa anaenda ameegemea bega yako, nilimusamehe. Kinywa ndiyo kilikataa. Nilisema atarudia, nitamwambia." Akafuta uso kwa mkono. "Sasa nitamwambia nani?"

Nilimwambia langu, neno kwa neno, sabuni ya siku sita na maneno yangu matatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Na wewe nimekuachilia, Kapita. Nimechoka kukubeba." Nilitaka kumshika mkono. Akaurudisha nyuma, si kwa ubaya.

"Mimi nimemaliza. Lakini Feza hamujamuuliza hata siku moja."

Bwana, tulikuwa watu wakubwa, tumepanda treni mara tatu, tumebeba mashahidi na sheria za dini mbili, na maji ya mama yule tumeyanywa. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwuliza. Wala wewe. Nakwambia kwa heshima yote.

Feza alikuwa jikoni, alisikia kila kitu. Alitoka na mwiko mkononi. Sijui nilitegemea nini, machozi labda. Alizungumza kama mtu anayeeleza njia. Alisema wiki ile ya Idi wanawake wa siti waliacha kula naye. Akifika kisimani wanainua ndoo zao na kuondoka. Mama Zainabu, aliyemsaidia siku alipojifungua, alimwonyesha viganja na kufunga mlango. Mtoto wake alipata homa wakiwa wanafunga mizigo, na hakuna jirani aliyekuja hata kushika kitambaa. Mtoto alipona, Mungu mkubwa, lakini alipona Feza akiwa peke yake naye.

"Buku ya bwana yangu muliandika," akaniambia. "Mimi jina langu haliko mu buku. Liko mu vinywa vya wale bamama. Kalitoe kule."

Na kweli, yale tuliyoyasema kiwanjani hayakuwahi kuwafikia wanawake wa siti. Nikamwambia nitalitoa.

Nilimwomba aje asikie kwa masikio yake. Akasema atakuja. Amisi naye akasema atakuja, ana neno la kupeleka makaburini.

Walifika Jumatano. Asubuhi ya Alhamisi niliteremka mtoni, pale wanawake wanapofulia. Unanijua, Bwana, mimi ni mtu wa kanzu safi na maneno machache, na mwanaume hana kazi pale. Walipoona nateremka na Feza nyuma yangu waliacha kufua mmoja mmoja, nguo zimelowa mikononi. Mama Zainabu alikuwa amekaa juu ya jiwe. Nilisimama ndani ya maji mpaka kwenye vifundo nikasema. Amisi alinikataza, mimi nilisema funga. Hakuzidisha soda. Mlimfungia Feza milango kwa sababu ya uongo wangu.

Kisha Mama Zainabu akaniambia niende karibu. Akanionyesha viganja vyake, vimepona, ila ngozi yake inang'aa kama karatasi. Akasema, "Miaka mine namuombea mabaya muntu asiye wake." Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Alinipita. Alinyanyuka kwa shida, akaingia majini na nguo zake zote, akamfuata Feza, akamshika viganja vyote viwili. Sikusikia walichoambiana na si haki yangu kukijua. Niliona tu Feza ameinamisha kichwa juu ya bega la yule mama na wengine wanawazunguka, na mmoja ananifukuza kwa mkono, nenda, nenda, umeshasema.

Nikaenda. Nilipanda ukingo viatu vimejaa maji, na katikati ya njia nikajikuta nacheka peke yangu. Miaka minne niliogopa dakika chache.

Mchana tulikwenda kwako. Amisi aliomba tukae mbali kidogo. Alivua kofia, akapiga magoti mawili kwenye udongo, na alisema kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Aliporudi alikuwa na macho mekundu na uso mwepesi. Nilimwuliza kama anataka kazi yake, pipa lake lipo. Akasema hapana, mpunga wake unajua mkono wake sasa. Sikumsihi. Mtu akishakusamehe si lazima arudi kukukorogea sabuni.

Bwana Nisimu, kwa hayo mimi ninakuachia upumzike. Mwaka huu nilipita kwa watu wangu mmoja mmoja, kama wewe, nikawaomba radhi. Kumi walijibu haraka. Mzee Kitenge akanieleza kosa langu moja, nami nikalitengeneza. Kiwanda kiko salama. Mpwa wako anajifunza Kiswahili cha huku, juzi, badala ya "ndivyo", amesema "njo vile" na watu wakampigia makofi.

Jana stesheni, kabla treni haijaondoka, Feza alitoa kichwa dirishani akaniambia mavuno ni mwezi ujao, niende na mke wangu, tule mchele mpya. Nakuahidi nitakwenda. Nitashuka Kibombo bila mashahidi, sina neno la kumwomba mtu, nitanawa mikono na kula.

Kaa kwa amani, Bwana wangu.

Sumaili, kapita wako